Gari ilichelewa siku tisa, kodi ikapanda milioni 2.6

Wiki hii inbox yangu imejaa swali moja: "Dada, naona siku hizi unapeleka mizigo na gari yako mwenyewe, na mimi nataka kuagiza, nianzie wapi?" Nimeona badala ya kumjibu mmoja mmoja niandike mara moja hapa, na niandike na ile sehemu ambayo huwa siisimulii kwa sababu bado inaniuma.

Kwa wageni wa page: nauza nguo za watoto za mtumba, nakaa Moshi mjini. Asubuhi nachagua mzigo Memorial, mchana nafua, napiga pasi na kupiga picha, jioni naposti. Wateja wangu wengi wako mlimani, Marangu, Mwika, Rombo, Kibosho, Machame, na wachache Arusha. Miaka mitatu nimetuma kwa bodaboda na kwa Hiace za stendi. Kuna mwezi pesa ya kutuma ilikula zaidi ya faida ya nguo zenyewe. Mteja wa Tarakea ananunua gauni la elfu nane, kulifikisha ni elfu tano. Nani atakubali?

Kwa hiyo mwaka 2024 nikaamua kuagiza gari ndogo kutoka Japan, ya mwaka 2017. Nilikuwa na akiba, nikakopa na kikoba. Mpaka ifike bandari ya Dar, gari, usafiri wa meli na bima vilikuwa kama milioni 12. Nikaingia kwenye kikokotoo cha TRA cha magari yaliyotumika, nikapata kodi, nikaweka pesa hiyo pembeni. Nilikuwa nimejipanga kweli, sikukurupuka.

Aliyenishughulikia aliniambia, "Dada yangu, usiwe na presha, meli inaingia kabla ya Krismasi." Nikapanga mpaka safari ya kupeleka oda za sikukuu Rombo. Mnajua Desemba yetu ilivyo, Wachaga wote wanarudi nyumbani, mji unajaa magari ya Dar, na hakuna mzazi anayempeleka mtoto kwa bibi yake bila nguo mpya.

Meli iliingia tarehe 9 Januari 2025.

Nilipopigiwa simu nilifurahi, nikasema afadhali imefika. Ndipo nikatumiwa hesabu ya kodi. Nikadhani wamekosea gari. Nikampigia, akanijibu kwa upole kabisa: "Dada, si umeona mwaka umegeuka? Gari yako sasa ina miaka nane."

Ngoja niwaonyeshe hesabu, maana hapa ndipo wengi tunapigwa bila kuibiwa na mtu.

Gari inayoingia Tanzania kutoka nje ya Afrika Mashariki inalipa ushuru wa forodha asilimia 25 ya CIF, yaani bei ya gari pamoja na nauli ya meli na bima mpaka bandarini. Ukishaongeza ushuru huo juu ya CIF, jumla ile ndiyo inayopigiwa ushuru wa bidhaa. Huu unategemea ukubwa wa injini: mpaka cc 1000 ni sifuri, kuanzia 1001 mpaka 2000 ni asilimia 5, zaidi ya hapo ni asilimia 10. Halafu kuna ushuru wa bidhaa mwingine unaofuata umri. Gari ya kutembelea ikiwa na miaka nane mpaka kumi inaongezewa asilimia 15. Ikivuka kumi ni asilimia 30. Umri unahesabiwa kuanzia mwaka gari ilipotengenezwa, si siku ilipoanza kutembea barabarani. Mwisho kabisa VAT asilimia 18 inakaa juu ya vyote hivyo. Mnaona? Kodi inalipiwa kodi, na ile nyingine inalipiwa tena.

Chukua milioni 12 yangu, injini ya kati. Kama ingeingia Desemba: ushuru wa forodha 3,000,000, tunafika 15,000,000. Asilimia 5 ya injini ni 750,000. VAT juu ya 15,750,000 ni 2,835,000. Jumla ya kodi 6,585,000.

Imeingia Januari: ushuru wa forodha ule ule 3,000,000. Injini 750,000. Umri, asilimia 15 ya 15,000,000, ni 2,250,000. Sasa VAT inapigwa juu ya 18,000,000, inakuwa 3,240,000. Jumla 9,240,000.

Tofauti ni 2,655,000. Hapo sijaweka tozo ndogo ndogo kama ada ya forodha na tozo ya reli, wala gharama za wakala na za kusajili namba. Gari ni ile ile, kilomita zile zile, rangi ile ile. Kilichobadilika ni kalenda ya ukutani.

Milioni mbili na laki sita sikuwa nayo. Na bandarini gari haikungoji bure, siku za bure zikiisha kila siku ina bei yake. Nikachukua pesa ya mabelo ya Januari, ile ya msimu wa shule kufunguliwa, nikaongezea na mkopo wa shemeji. Gari ilitoka. Lakini duka langu lilikaa karibu miezi miwili bila mzigo mpya. Kuna wateja walihama na hawajarudi mpaka leo, nawaona wana-like kwa wengine. Gari ninayo, ndiyo. Ila ilianza kazi ikiwa imebeba deni badala ya nguo.

Baadaye nikajiuliza, huu ushuru wa umri aliuweka nani na kwa nini? Nikaanza kufuatilia. Nilichogundua ni kwamba bei ya gari inayosimama pale Double Road imepangwa na watu wengi ambao hawajawahi kufika Moshi, na wachache waliokutana hapo jirani tu.

Hiyo asilimia 25 kwa mfano. Haikuamuliwa Dodoma peke yake. Ni ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotokana na itifaki ya umoja wa forodha iliyosainiwa Arusha mwaka 2004 na kuanza kazi Januari 2005. Mali ghafi inaingia kwa sifuri, bidhaa iliyokamilika inatozwa 25, na tangu Julai 2022 kuna daraja jipya la asilimia 35. Wazo lake ni kulinda viwanda vya hapa. Viwanda vya magari vipo kweli: Kenya wanaunganisha Thika na Mombasa, sisi Kibaha tulikuwa na TAMCO ya Scania zamani, kuna Nyumbu, na miaka ya karibuni kuna kiwanda cha GFA kinachounganisha malori. Vyote vizuri. Lakini mimi natafuta gari ndogo ya kupeleka nguo Mwika, na hakuna anayeunda IST Kibaha. Kwa gari ndogo ushuru huu haulindi kiwanda chetu chochote, unakusanya mapato tu. Siyo dhambi serikali kukusanya mapato, barabara ya lami ya Rombo ninaipita kila wiki. Ila tuite kitu kwa jina lake.

Na serikali zenyewe zinaweza kuomba kutofuata kiwango cha pamoja kwa mwaka mmoja mmoja. Kenya walifanya hivyo, tangu Julai 2023 gari za abiria zinaingia kwao kwa asilimia 35 badala ya 25. Tena Kenya gari iliyozidi miaka nane hairuhusiwi kabisa kuingia. Sisi haturuhusiwi wala hatukatazwi, tunalipishwa. Ndiyo maana gari ambayo Mkenya haruhusiwi kuinunua inaweza kuja kwetu, na ndiyo maana ukivuka Holili ukafika Taveta, mitaa miwili ya biashara ile ile, bei za magari haziongei lugha moja. Mtu asikudanganye ununue gari ya namba ya Kenya kwa makubaliano ya mdomo eti ni rahisi. Gari ya namba ya nje ikiingia hapa inaingia kwa kibali cha muda. Kibali kikiisha wewe ndiye utakayeongea na TRA, na aliyekuuzia atakuwa amezima simu.

Mjomba wangu wa Kibosho alinicheka nilipomweleza haya. Akasema, "Mwanangu, wewe unalia na asilimia. Sisi tulilia hata la kununua hatulioni." Ana haki. Jumuiya ya zamani ilipovunjika mwaka 1977 mpaka na Kenya ulifungwa, ukafunguliwa tena mwaka 1983. Miaka hiyo sabuni na mafuta ya kula vilikuwa vinavuka usiku kwa mguu kule Rombo, na gari lilikuwa la serikali, la misheni au la chama cha ushirika. Kisha katika bajeti ya mwaka 1984 Waziri wa Fedha alikuwa Cleopa Msuya, mtu wa Usangi kule Mwanga, aliyefariki Mei 2025. Bajeti ile iliruhusu mtu mwenye fedha zake za kigeni kuagiza bidhaa mwenyewe bila kuulizwa amezipata wapi. Mjomba anasema kabla ya hapo pick-up ikipita kijijini watoto wanaikimbilia, na baada ya hapo zikaanza kuonekana pick-up za watu binafsi zimebeba ndizi mpaka zinainama nyuma. Kifungu kimoja cha sera. Kodi haikushuka hata, mlango tu ulifunguliwa.

Sasa nije kwenye jambo linalotugusa sisi wa mtumba mara mbili. Machi 2016 marais wa Afrika Mashariki walikutana Arusha, saa moja na kitu kutoka hapa. Kwenye mkutano huo huo walizungumzia kuondoa nguo na viatu vya mtumba katika miaka mitatu, na pia kupunguza magari yaliyotumika ili viwanda vya ukanda huu vikue. Yaani nguo ninazouza na gari ninayobebea vilikaa kwenye karatasi moja! Ushuru wa mtumba ukapandishwa kutoka senti 20 za dola kwa kilo mpaka senti 40. Wafanyabiashara wa nguo zilizotumika wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao mwaka 2017, wakasema mkizuia mtumba wetu na sisi tuwatoe kwenye AGOA, ule mpango wa kuuza kwao bila ushuru. Kenya wakarudi nyuma, Uganda na sisi tukafuata. Rwanda wakakaza, na Julai 2018 nguo zao zikaondolewa kwenye mpango huo. Kwa hiyo bei ya belo Memorial iliokolewa na ugomvi wa Washington. Mimi nilifurahi, sitaki kudanganya. Fundi cherehani wa jirani yangu hakufurahi hata kidogo, na nilipomwelewa nilinyamaza.

Mwaka 2025 mambo yakawa makubwa zaidi. Rais Trump aliweka ushuru wa asilimia 25 kwa magari yanayoingia Marekani kuanzia tarehe 3 Aprili. Japan, ambao gari zao ndogo zilikuwa zinalipa asilimia 2.5 tu, wakajadiliana mpaka Julai, wakakubaliana asilimia 15, ikaanza kutumika Septemba. Watu wakaanza kuniuliza, "Dada, ina maana Toyota zitashuka bei kwetu?"

Jibu langu: usiuze kiwanja kwa matumaini hayo. Gari za Marekani zina usukani kushoto, zetu ziko kulia, kwa hiyo gari iliyokosa soko kule haiwezi kugeuzwa meli ikaletwa Dar. Sisi tunanunua gari zilizokwisha tumika na Wajapani wenyewe. Zinakuja kwa bei nafuu kwa sababu kule gari mpya inakaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, na ukaguzi huo ni ghali. Wengi wanaona bora kuiuza mnadani kuliko kuikagua. Kinachotugusa ni kama Mjapani ananunua gari mpya na kuachia ya zamani, na nani mwingine ameshika kibao kule mnadani.

Huyo mwingine ni Mrusi. Watu wengi hawajui hili. Urusi ilikuwa mnunuzi mkubwa kabisa wa magari yaliyotumika ya Japan. Agosti 2023, kwa sababu ya vita ya Ukraine, Japan ikazuia kuwauzia gari zenye injini zaidi ya cc 1900, pamoja na haibridi. Mnunuzi anayelipa vizuri akitolewa upande mmoja wa mnada, pesa yake inahamia upande mwingine. Upande huo mwingine ni injini ndogo, ndizo hizo mimi na wewe tunazozitaka kwa sababu ya ile asilimia 5 ya injini. Ukiona gari ndogo haishuki bei wakati kubwa inashuka, usidhani muuzaji ana roho mbaya.

Na kama unadhani ugomvi wa ushuru huwa unaisha haraka, kuna huu wa kuku. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi za Ulaya, Ujerumani Magharibi na Ufaransa zikiwemo, ziliwekea ushuru kuku wa Marekani. Marekani wakajibu mapema 1964 kwa kuweka asilimia 25 kwenye pick-up na magari madogo ya mizigo kutoka nje. Kuku wale waliliwa zamani, ushuru wa pick-up upo mpaka leo. Subaru waliwahi kufunga viti viwili vya plastiki nyuma ya pick-up yao iitwayo Brat ili ionekane ya abiria na ikwepe. Mangi gani wa Himo angeshindwa kubuni hiyo?

Tukirudi kwetu, kitu kinachonitesa kuliko Trump ni dola. Kodi ya gari inaanzia kwenye thamani ya dola, halafu inageuzwa shilingi. Mwaka 2024 dola ilipita shilingi 2,600. Mwaka huo huo, mwezi wa saba, yeni ya Japan ilikuwa imeanguka vibaya sana, dola moja kwa yeni zaidi ya 160, haijawahi kuwa hivyo tangu 1986. Gari kule zilikuwa rahisi kwelikweli kwa mwenye dola. Sisi tulikuwa tunaitafuta dola kwa tochi. Shilingi ikidhoofika unaumia mara mbili, kwenye bei na kwenye kodi. Na kwa kuwa nauli ya meli iko ndani ya CIF, nauli ikipanda kwa sababu ya vita ya watu wengine, ushuru wako nao unapanda. Unalipa kodi ya vita ambayo hata kwenye ramani hujaiona.

Haya, wanaotaka kuagiza, niwaambie ninachofanya sasa, maana shemeji yangu naye anaagiza na mimi ndiye nimeshika kalamu.

Kwanza tulianza na mwezi, gari baadaye. Oktoba, Novemba na Desemba sitamruhusu mtu wangu aagize gari ambayo mwakani itagusa miaka minane au itavuka kumi. Sijali meli imeahidiwa lini. Kama ni lazima uagize miezi hiyo, chukua gari ambayo hata ikifika Machi umri wake hauvuki mstari. Pia Mei na Juni nina wasiwasi nazo. Bajeti inasomwa Juni, viwango vipya vinaanza tarehe 1 Julai. Mara nyingine bajeti inakuja na zawadi, kama Juni 2017 Waziri Mpango alipofuta ile ada ya mwaka ya leseni ya gari, wengi tukiita road licence. Tulishangilia mpaka usiku, halafu tukakuta mafuta yameongezwa shilingi 40 kwa lita. Bodaboda, Hiace, wote wakaanza kuilipa, na sisi tusio na gari tukawa tunailipa kwenye nauli ya mzigo bila risiti.

Jambo lingine, usishangilie bei ya chini kabla ya kuingia kwenye kikokotoo. TRA wana jedwali lao la thamani. Ukinunua gari kwa bei ya bahati, kodi bado inatoka kwenye thamani yao. Na linganisha gari mbili mpaka mwisho, usiishie kwenye bei ya Japan. Gari ya zaidi ya miaka kumi yenye CIF ya milioni 10, injini ya kati, inalipa ushuru wa forodha milioni 2.5, injini 625,000, umri 3,750,000, VAT 3,037,500. Kodi peke yake 9,912,500, gari inasimama karibu milioni 19.9. Gari ya miaka saba ya CIF milioni 12.5, yaani imezidi kwa milioni mbili na nusu, inalipa kodi 6,859,375 na kusimama milioni 19.36. Ile "ya bei rahisi" ndiyo ghali, na ni kuukuu. Nimefanya hesabu hii na dada mmoja wa Uru anayeuza vyombo, akabaki ananitazama, kumbe alikuwa ameshatuma malipo ya awali ya ile ya kwanza.

Mimi binafsi ningerudishwa 2024 nisingenunua gari ya kutembelea kabisa. Ningenunua kirikuu. Injini yake cc 660, ushuru wa injini sifuri, na kwa gari ya mizigo ushuru wa umri hauumi kama kwa gari ya kutembelea. Nililitaka gari la kuonekana nalo kanisani, huo ndio ukweli. Mteja wa Marangu Mtoni hajawahi kuniuliza gauni limekuja na gari gani.

Pesa ya kodi lipa mwenyewe kwa control number. Wakala mpe ada yake, si kodi ya serikali mkononi. Wale wa "gari za mnada wa TRA bei poa" wanaokuja DM na picha za uongo na akaunti ya mtu binafsi, naomba tusiwape hata salamu.

Na wasio na mpango wa gari wasiseme posti hii haiwahusu. Mzigo wowote unaouagiza China unapita kwenye mlango ule ule: CIF, ushuru, VAT juu ya ushuru. Na mnaouza vikapu, batiki au kahawa yetu kwa wageni wanaopanda mlima, mjue kuwa tangu Agosti 2025 Marekani waliondoa ule msamaha wa vifurushi vya chini ya dola 800. Kabla ya kumtumia mteja wa huko, mwambieni kwamba ushuru anaweza kudaiwa yeye mlangoni kwake. Mmoja wenu alirudishiwa kifurushi cha kahawa kilo tatu, nauli ya kwenda ikaliwa, na kahawa ikafika imepoteza harufu.

Shemeji amepata gari ya 2019, meli imeandikwa kufika wiki ya pili ya mwezi ujao. Amenipigia asubuhi hii kuuliza kama anaweza kuchukua mkopo wa kuongezea rimu za kung'aa. Nimemwambia aweke hiyo pesa akiba mpaka gari ivuke geti la bandari, ndipo tuzungumze rimu. Amekasirika. Jumamosi napeleka oda Mwika na Rombo, wenye mizigo ya huko tumeni majina kabla ya Ijumaa saa kumi.